Raba Sita za Ndala

Kila siku baada ya shule, Chapuchapu alivua sare, akala chakula alichowekewa, kisha akaenda kwenye kibanda cha mama yake cha kusaga nafaka. Kazi yake ilikuwa kufagia unga uliomwagika na kupanga ndoo za wateja kwenye foleni. Jina hilo alipewa na watu kwa sababu kila kitu alikifanya chapuchapu. Na mengine, tuseme ukweli, aliyafanya ovyo ovyo.

Kibandani mlikuwa na injini ya dizeli iliyoizungusha mashine ya kusaga. Kati ya injini na mashine palikuwa na shafti, mtaimbo wa chuma unaozunguka, na katikati ya shafti hiyo sahani mbili nene za chuma, zimeungwa kwa bolti sita, na kila bolti ilivalishwa kipande cha raba. Aliyeitunza injini hiyo alikuwa mjomba wake, mdogo wake mama, fundi anayejulikana mtaa mzima.

Jumamosi moja mjomba alimpa Chapuchapu kisu, kipande cha tairi kuukuu na raba moja ya zamani.

"Raba zimelika hizi. Nikatie sita mpya, unene huu huu. Za tairi tu, umenisikia?"

"Ndiyo, mjomba."

Tairi lilikuwa gumu, acha! Alikata, akakata, kiganja kikawaka moto, na hata raba moja hajapata. Nje wenzake walikuwa wanaruka kamba na kumwita. Ndipo akaona ndala kuukuu nyuma ya mlango. Zile zilikatika kama mkate. Alizipaka grisi nyeusi, ukiziangalia huwezi kujua.

"Umemaliza mara hii?" mjomba alishangaa. Wateja walikuwa wanapiga kelele, basi akazifunga harakaharaka na kuwasha injini. Chapuchapu alikuwa ameshatoka mbio kwenda kuruka kamba.

Siku ya pili injini ilianza kugongagonga. Siku ya tatu sakafu ilitetemeka. Mjomba akaongeza grisi, akakaza bolti, akakuna kichwa. Chapuchapu alijua, akafagia unga wake kimya.

Jumatano alasiri pakasikika mlio mmoja mkali, PAA! Shafti ilikatika vipande viwili. Bolti moja iliruka, ikapita karibu na sikio la bibi mmoja aliyekuwa mbele ya foleni, ikatoboa ndoo yake. Unga ukamwagika chini, na bibi wa watu akaanguka kitako.

Mama alizima injini. Hasira za mama huyo, jamani, hazikuwa za kuchezea.

"Wewe!" alimgeukia mdogo wake. "Umefunga nini pale?"

"Dada, nimefunga kama siku zote."

"Kama siku zote! Siku zote shafti hukatika? Unataka kuniulia wateja?"

"Usinifokee mbele za watu!"

"Nitafoka! Kusanya vyombo vyako uende. Kesho naleta fundi anayejua kazi."

Jirani mwenye pampu ya maji naye akadakia, "Basi hata pampu yangu usije kuigusa!" Watu wakaanza kunong'ona. Mjomba alitupa spana moja moja kwenye sanduku, kwa kishindo. Miaka kumi ya kazi ilikuwa inafutwa kwa dakika moja.

Chapuchapu alisimama na ufagio wake, naye amekasirika. Alimkasirikia mama kwa kufoka, mjomba kwa kumpa tairi gumu vile, jirani kwa umbea wake. Alimkasirikia kila mtu isipokuwa yule aliyestahili. Lakini mjomba alipolifunga sanduku na kulibeba begani, Chapuchapu alitupa ufagio akamkimbilia.

"Mjomba, usiende! Si wewe. Ni mimi. Zile raba nilikata ndala."

Mama akageuka polepole. "Ulikata nini?"

"Ndala, mama."

"Ndala!" Mama aliinua mkono, akaushusha, akaupiga ukutani. "Mtoto huyu! Nimemfukuza ndugu yangu kwa ajili ya ndala!"

Mjomba alitua sanduku, akaingiza kidole kwenye tundu la bolti, akatoa uji mweusi wa raba iliyosagika. Msidhani alikuwa mpole. Alikuwa amefura.

"Siku nne!" alisema. "Siku nne unasikia ile kelele, unaniona nahangaika, halafu unaniamkia shikamoo mjomba! Unadhani raba ni pambo?"

Chapuchapu alilia. Hakubembelezwa.

"Njoo uone," mjomba alisema, akiokota kipande cha shafti. "Injini haizungushi kwa upole. Inapiga, inaachia, inapiga, inaachia. Kila ikipiga, upande wake wa shafti unataka kwenda, na upande wa mashine, kwa uzito wake, unagoma. Shafti inakamuliwa kama nguo, inaachiwa, inakamuliwa tena, maelfu ya mara kwa siku. Raba ya tairi inaumeza ule mshtuko. Ndala imesagika, chuma kikapiga chuma, shafti ikachoka. Na ikikatika haichagui kichwa cha kupiga."

Chapuchapu alimtazama yule bibi pale chini, akaenda kumwomba msamaha na kumwinua.

Ijumaa shafti mpya ilitoka kwa mkereza vyuma. Chapuchapu alikata raba za tairi kuanzia alipotoka shule mpaka vidole vikamvimba. Mjomba alibonyeza kila moja kwa dole gumba, akazikataa mbili, naye akakata nyingine bila kununa. Injini ilipowashwa, iliunguruma sawasawa, sakafu imetulia.

Mama akasimama mbele ya foleni. "Juzi nilimtukana ndugu yangu mbele yenu," alisema kwa sauti. "Nilikosea. Nisamehe, mdogo wangu."

"Kosa na mimi ninalo, dada. Nilizifunga bila kuzibonyeza," mjomba alijibu. "Lakini kazi naijua."

Jirani alikohoa. "Basi kesho pita uniangalizie ile pampu."

"Nikipata nafasi," mjomba alisema, na hakucheka.

Foleni ilipokwisha, mama alimketisha Chapuchapu kwenye ndoo iliyogeuzwa. Sauti yake bado ilikuwa na ukali.

"Ungeniambia Jumamosi kwamba tairi limekushinda, tungelikata pamoja. Ungeniambia Jumapili kwamba umekata ndala, ningekugombeza, yangeisha. Uvivu wako uliharibu raba tu. Kilichotaka kumuua bibi wa watu ni kunyamaza kwako. Ukisikia kitu kinagonga na unajua sababu yake, sema siku hiyo hiyo."

"Hata kama sababu ni mimi, mama?"

"Hasa kama ni wewe."