Bonge Ameshika Chupa!

Mama mmoja, fundi cherehani, alikuwa na pacha wa miezi saba. Wa kwanza aliitwa Bonge, kwa mashavu yake. Wa pili aliitwa Kimya, maana hakuwa akilia ovyo. Lakini asubuhi hiyo wote wawili walilia njaa, na sare za shule zilikuwa zinasubiri kushonwa.

"Jamani, mikono yangu ni miwili tu!" alisema mama yao.

Akawalaza chali. Akaegemeza chupa ya kila mmoja kwenye nguo iliyokunjwa. Watoto wakanyamaza. Akarudi kwenye cherehani.

Ghafla Kimya alikohoa. Akakohoa tena, kisha sauti ikakatika. Mama aligeuka. Mtoto alikuwa ametoa macho, maziwa yakimtoka puani.

"Dada! Mwanangu!"

Jirani yake, muuguzi, aliingia mbio, miguu mitupu. Alimlaza Kimya kifudifudi juu ya mkono wake, kichwa kikiwa chini, akampiga mgongoni kwa kiganja. Moja. Mbili. Tatu! Maziwa yakatoka, na kilio kikubwa kikafuata.

"Mwache alie," alisema muuguzi. "Sasa anapumua."

Mama aliketi sakafuni, akimfuta Kimya maziwa usoni. "Dada, nilidhani watajifunza kushika chupa wenyewe."

"Mdogo wangu, chupa ikiegemezwa, maziwa humwagika tu hata mtoto akitaka kupumzika. Ndiyo maana yamempalia. Mpakate, kichwa kiwe juu."

"Sasa watashika lini?"

"Wengi huanza kati ya miezi sita na kumi. Usiwalinganishe. Mtoto akikaa bila kuyumba, akaifuata chupa kwa mikono, yuko tayari. Mwekee mikono kwenye chupa, nawe shika kwa chini. Hata akiweza, usimwache peke yake. Wala asilale na chupa mdomoni. Meno yakiota, yataoza."

"Na wakilia wote wawili?"

"Baba yao hana mikono?"

Mama alicheka, machozi bado mashavuni.

Tangu siku hiyo, baba yao alimpakata mmoja kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Mchana, mama alilisha mmoja, kisha mwingine. Sare zilichelewa kidogo, lakini zilikamilika.

Wiki ya tatu, Bonge aliitazama chupa. Akanyoosha mikono yote miwili, akaivuta. Akaipeleka sikioni. Akaipeleka puani. Kisha, mdomoni!

"Mama Pacha! Njoo uone! Ameshika!" baba alipiga kelele.

Mama alikuja mbio, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni. Muuguzi alichungulia dirishani. Wote walipiga makofi. Bonge akashtuka, akaiangusha chupa, akaidai tena kwa hasira.

Kimya hakuonyesha dalili yoyote, na mama hakumharakisha. Aliendelea kumpakata.

Mwezi uliofuata, pacha wakiwa mapajani mwa wazazi wao, Kimya alinyoosha mikono. Hakuigusa chupa yake. Alinyakua ya Bonge, akaishika barabara, akainywa mpaka tone la mwisho.