Kasri la Kusikia

Dama aliitika kabla ya kujua nani kamwita. "Abee!" alisema, na sindano iliyosimama mbele ya sikio lake la kulia ikatikisika.

"Nimekwambia usiseme, dada," Philister akamkemea. "Nani kakuita?"

Hakuna aliyemwita. Mle chumbani, Kisauni, walikuwa wao wawili tu na feni iliyokuwa ikihangaika na joto la mchana.

Tangu wamzike mamake, Nyamvula, taya la Dama lilikuwa limekaza na sikio likivuma kutwa kama nyuki ndani ya mkebe. Hospitali wakampiga picha, wakampa dawa za maumivu, wakamwambia apumzike. Mtu anayekunja mashuka ya hoteli huko Shanzu atapumzika lini? Ndipo akaelekezwa kwa Philister, aliyefundishwa kudunga sindano na daktari wa Kichina. Philister alimwambia afungue mdomo, akapapasa kishimo kinachojitokeza mbele ya sikio taya linaposhuka, akadunga papo hapo. Mahali hapo, alisema, mwalimu wake alipaita Kasri la Kusikia.

Sauti ile Dama aliijua. Ni mamake tu aliyekuwa akilivuta jina lake mwishoni, "Damaaa," hata kama wamekaa mkeka mmoja. Kiharusi kilimnyang'anya bibi huyo kauli miezi mingi kabla ya kufa. Dama alimlisha, akamwogesha, akamsihi aseme neno moja tu, na neno halikuja. Sasa, kila mtoto wa pwani hukanywa asiitikie mwito ambao hamwoni mwitaji wake, na Dama mwenyewe alimfunza hivyo bintiye, Kai. Lakini vilevile alilelewa kwamba mama haiti mara mbili. Adabu ikatangulia, hofu ikachelewa.

Alirudi kwake Frere Town taya limelegea, akala muhogo wa kukaanga kwa raha ambayo alikuwa ameisahau. Alipokuwa akiosha vyombo, sauti ikaja tena.

"Damaaa."

"Abee, mama."

"Umekula?"

Dama akaketi sakafuni na sufuria mkononi, akalia kwa furaha. Tusimcheke. Aliyezika mama atamwelewa.

Ikawa ndiyo maisha yao. Sauti ikaomba maji, Dama akaacha kikombe mezani, akakikuta kikavu. Ikaja na harufu ya mafuta ya nazi aliyokuwa akijipaka marehemu, na chini ya harufu ile, ukivuta pumzi sana, kulikuwa na udongo mbichi. Dama hakuvuta pumzi sana. Ikamwambia asifunge mlango wa nyuma, akauacha wazi. Halafu alasiri moja, akianika nguo, ikamsemea karibu kabisa, kwa upole uleule, "Mlete Kai nimshike," na mara hiyo Dama hakujibu, akajifanya anahesabu vibanio, akaingia ndani nguo zikiwa bado zinadondosha maji.

Asubuhi yake Kai alishindwa kunywa uji. Ulimtiririka kidevuni ukalowesha sare ya shule, meno yamebanana, macho yamemtoka, kiganja kakiweka kwenye sikio la kulia, na kila Dama alipomwuliza nini, mwanangu, nini, mtoto alikuwa akitikisa kichwa na kutazama mlango wa nyuma.

Dama alikuwa mtu wa kanisa, lakini siku hiyo hakuuliza dini ya mtu. Philister ndiye aliyemleta Bi Mwanasaumu wa Likoni, fundi wa kupunga majini. Bibi yule alinusa hewa tangu kizingitini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu." Akamgusa Dama mbele ya sikio. "Nani alidunga hapa?"

"Mimi," Philister akasema, akiangalia chini.

"Mmelifungua kasri, mkadhani halitapata wa kulikalia?" Akamgeukia Dama, akashusha sauti. "Yule si mamako. Jini hana sauti yake, huazima ya marehemu. Nawe ukaitika, ukamkaribisha. Alipoingilia ndipo atakapotokea. Akikuita, usiitike. Mwambie lile neno ambalo hujalitamka. Ukishindwa, mtoto ndiye atakayeitika."

"Nikimfukuza, nitamsikia tena mamangu?"

Mwanasaumu akamwashiria Philister atoe sindano.

Tangu mazishini Dama alikuwa akisema mama kapumzika, mama katutoka, mama hayupo. Lile neno lenyewe lilikuwa limekwama kwenye taya.

Akafungua mdomo. Philister akadunga palepale, na harufu ya nazi ikajaa chumba chote, kisha ule udongo mbichi, na sauti ikaja, wala haikuwa ya kutisha, ndio ubaya wake, ilikuja kwa huruma ya mama aliyemkuta mwanawe analia, Damaaa, ikamwita tena, Damaaa, mbona huniitikii mwanangu, nimekukosea nini, na Dama akaubana mkono wa Kai mpaka mtoto akaguna, huku ulimi wake ukijinyanyua wenyewe kuitika kama ulivyozoea tangu utotoni.

"Mama yangu amekufa," akasema. "Tulimzika. Wewe si yeye. Toka!"

Sauti ikajibu, kinyonge kabisa, "Haya, mwanangu."

Mlango wa nyuma ukajibamiza. Harufu ikakatika. Kai akapiga mwayo mrefu, akaomba maji.

Jumapili iliyofuata Kai, aliyekuwa amenenepa mashavu kwa kula, alichukua simu ya mamake, akatafuta sauti aliyoinasa jikoni siku ya Pasaka, kabla bibi yake, Nyamvula, hajaugua. Dama alijisogeza karibu. Walisikia mafuta yakichemka, wakasikia kicheko cha Kai, kisha Dama akisema, "Naweka chumvi sasa, mama." Pakawa kimya kwa muda wa mtu kusema jambo. Kisha wote wawili kwenye simu wakacheka.

"Mbona bibi hasemi?" Kai akauliza.

Dama akafungua mdomo amwonyeshe jinsi bibi alivyokuwa akiliita jina lake. Taya likashuka vizuri, bila maumivu. Alitafuta ile sauti kichwani, kooni, kifuani, akakosa hata pa kuanzia. Simuni pakawa kimya tena, kimya kirefu kilichovutwa mwishoni, na yule Dama wa Pasaka, mwenye furaha, akaitika, "Abee!"