Gari Lililomtesa Mama Akimana

Kila Alhamisi Esteri aliamka amechoka. Alipika uji, akamwogesha mama mkwe wake, akamvalisha, kisha akakusanya mito yote ya nyumbani na kuipanga kwenye kiti cha nyuma cha gari.

Mama mkwe, Akimana, aliteleza shambani wakati wa mvua akavunjika paja. Madaktari walimwekea chuma ndani. Sasa kila wiki alitakiwa kwenda hospitali Kasulu kufanya mazoezi ya mguu. Asipoyafanya, mguu ungekakamaa na asingetembea tena.

Gari lilikuwepo. Mwanawe Niyubahwe, mume wa Esteri, alikuwa na pikapu ya milango minne ya kubebea mihogo. Lakini gari hilo ndilo lililokuwa adhabu.

Kutoka kijijini kwao Kagerankanda barabara ni ya vumbi, mashimo matupu. Gari liliruka, likatua kwa kishindo, likaruka tena. Esteri aliupakata mguu wa mama mpaka mikono ikafa ganzi.

"Polepole, Baba Aline," alimwambia mumewe.

"Naenda polepole. Mbona si mbaya sana?"

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aliyeshika usukani hakuwa na chuma pajani.

Niyubahwe hakuwa mtu mbaya. Mama alipolalamika mara ya kwanza, alidhani springi za nyuma zimechoka, akaziongezea vyuma vya lori. Gari likazidi kudunda. Akapakia magunia ya mchanga nyuma ili litulie. Akajaza matairi upepo mpaka yakawa magumu kama jiwe. Kila dawa aliyotoa ilizidisha ugonjwa.

Alhamisi moja mama alikataa kunyanyuka.

"Mwana wanje, mwanangu, niacheni," alimwambia Esteri. "Nitatambaa humu humu ndani. Kwenye gari lile sirudi."

Esteri hakuwa na nguvu za kubishana. Aliketi ukingoni mwa kitanda akalia. Kisha akatoka nje kwa mumewe.

"Leo mgonjwa ni gari," alisema. "Twende kwa fundi."

Fundi Zuhra ana gereji Kasulu mjini. Aliegemea boneti kwa mikono miwili, akabonyeza kwa nguvu, akaachia. Mbele ya gari ikanesa, ikanesa, ikaendelea kunesa.

"Umeona, kaka? Lilipaswa kupanda mara moja na kutulia," alisema Zuhra. "Kazi ya springi ni kulipokea shimo. Kazi ya shokapu, hili bomba hapa, ni kuituliza springi. Shokapu zako zimevuja mafuta yote. Springi inacheza bila wa kuishika."

Akamgeukia Esteri. "Dada, njoo ubonyeze huku nyuma."

Esteri alibonyeza kwa uzito wake wote. Gari halikushuka hata kidogo.

"Hivyo vyuma vya lori vimeikaza springi," alisema Zuhra. "Isiposhuka, pigo lote la shimo linapanda hadi kwenye kiti. Hata tairi humpunguzia abiria mtikisiko, lakini si likijazwa upepo namna hii."

"Nikiviondoa, gari litalala chini kwa mihogo," alisema Niyubahwe.

"Litalala ukilizidishia. Beba kiasi chake. Mihogo iende safari mbili."

Niyubahwe alipiga hesabu. Safari mbili ni siku nyingine nzima barabarani, na yeye pia alikuwa amechoka. Alimtazama mkewe, ambaye macho yake yalikuwa bado mekundu kwa kulia.

"Viondoe," alisema.

Zuhra aliondoa vyuma vya lori, akafunga shokapu mpya kwenye magurudumu yote. Alipunguza upepo hadi kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlangoni. Mchanga ulimwagwa.

Alhamisi iliyofuata walimbembeleza mama.

"Mnifikishe darajani tu," alisema. "Nikiumia, mnirudishe."

Waliondoka. Gari lilishuka mashimoni na kupanda taratibu. Mama alikaa amekunja uso, akisubiri maumivu.

"Hivi, daraja bado?" aliuliza baadaye.

"Tumeshalivuka, mama," alijibu Esteri.

Mama alikunjua uso. "Ego, sawa. Basi mwambie asisimame."

Kufikia mavuno ya maharage, Akimana alikuwa akitembea kwa fimbo. Niyubahwe bado hupeleka mihogo safari mbili, na kila jioni hulalamika kwamba barabara imemchosha. Mama humsikiliza kidogo, kisha huchukua fimbo yake akaenda zake kwa jirani, kwa miguu.