Nyuzi Zilizokatikia Njiani

Nyumbani walimwita Mfagio, kwa sababu hakuvumilia kuona kitu kimekaa kombo. Likizo ile alifuatana na shangazi yake kazini, kwenye kituo cha utafiti wa saratani, amsaidie kupanga viti.

Asubuhi hiyo chumba cha mikutano kilikuwa na ubao mpana ukutani. Shangazi alikuwa amebandika kadi ya kila utafiti, kisha akaziunganisha kwa nyuzi: kutoka maabara hadi majaribio kwa wagonjwa, mpaka dawa zilizofika hospitalini. Mchana wakuu wangekuja kuutazama, waamue kama kazi yake iendelee au ifungwe.

"Usiguse kitu, nakuja," shangazi alisema, akatoka.

Mfagio akaukagua ubao. Baadhi ya nyuzi zilifika hospitalini vizuri. Nyingine zilikatikia njiani, zikaning'inia kama mikia ya mbuzi. Wageni watatucheka, aliwaza. Akachukua mkasi, akazikata zote, na kadi zake akazitupa kapuni.

Shangazi aliporudi alisimama mlangoni, akautazama ubao. Kisha akauliza, "Nani amepita humu?"

Dirisha lilikuwa wazi. Upepo ungebeba lawama na wala usingejitetea. Mfagio akauweka mkasi mezani.

"Ni mimi, shangazi. Zilikuwa hazifiki popote."

"Mwanangu, leo umefagia mpaka pochi ya mwenye nyumba." Shangazi akaokota kadi moja. "Dawa hii ilishindwa kutibu saratani ya mapafu. Wenzetu walipochunguza kwa nini imeshindwa, ndipo wakaipata ile pale, ya saratani ya damu. Tukiificha hii, ile imetoka wapi? Imedondoka mbinguni?"

"Na hizi nyingine?"

"Zinamwonya mwenzetu asipoteze miaka kwenye njia hiyohiyo. Haya, shika pini."

Bahati nzuri matundu ya pini yalibaki ubaoni. Wakayafuata moja baada ya jingine, jasho likiwatoka. Walifunga uzi wa mwisho wageni wakiwa mlangoni.

"Na huu mbona unaning'inia?" mkuu wa kituo aliuliza.

Shangazi akamtazama Mfagio.

"Huo ulishindwa, mama," Mfagio akajibu. "Lakini ndio uliouzaa ule uliofika."

Mkuu akacheka, akavuta kiti asikilize vizuri. Alipoondoka, alikuwa ameagiza kazi iendelee.

"Umesikia?" shangazi alisema. "Anayeficha alipokwama, mwenzake atakuja kukwama palepale. Ungenyamaza leo, muda ungeniishia nikitafuta kadi, na wale watu wangeonyeshwa uongo. Ukikosea, sema mapema, urekebishe. Sasa twende tukale, njaa haina likizo."