Makaburi Mawili ya Malimi

Kila asubuhi kabla ya shule, Odeta alishuka na ndoo mpaka kisimani, akapanga foleni nyuma ya kina mama, akachota, akapanda tena mlima. Kisima chenyewe kilikuwa kivivu. Ukikiharakisha kinakupa tope. Watu wa kitongoji kile, nyuma ya Kisesa, waliliona ziwa limelala kule chini, kubwa, la bure, na bado walikunywa maji ya kuchuja kwa kitambaa. Jambo hilo lilimuudhi Odeta kila siku ya Mungu.

"Bomba likija, mimi nitalala mpaka jua linichome," alisema rafiki yake Sharon wakiwa kwenye foleni.

"Likija litapita kwa mama," Odeta akajibu.

Sharon alijua maana yake. Halmashauri ilikuwa inaleta bomba kuu kutoka ziwani mpaka kwenye tangi la mlimani. Ukanda wa ardhi ambamo bomba lingepita, wenyewe wanauita mkuza, ulikuwa umeshapigwa vigingi vyekundu. Mkuza huo ulikata shamba la Mashimba, baba yake Odeta, na ndani yake ndimo alimozikwa mama yake, Dorcas, Odeta akiwa darasa la pili. Sasa alikuwa la sita. Kaburi halikuwa na saruji wala jina. Lilikuwa rundo la mawe tu, na kila Jumamosi Odeta alilipalilia.

Kuhusu bomba, Bi Teodora, mthamini wa halmashauri, alikuwa ameeleza vizuri kwenye mkutano wa hadhara. "Serikali haichukui ardhi ya mtu kama mwewe anavyochukua kifaranga," alisema. "Tutapita shamba kwa shamba, mwenyewe akiwepo na mwenyekiti wa kitongoji akiwepo. Nyumba, miti na mazao yatathaminiwa, na mtalipwa fidia. Kaburi halichimbwi ovyo. Linahamishwa kwa heshima, ndugu wakiwepo, kwa gharama ya halmashauri, na familia inapewa fedha ya rambirambi."

Wengine walisikia neno heshima. Malimi, mdogo wake Mashimba, alisikia neno fedha.

Malimi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na maneno ya kumtoa nyoka pangoni, na alimpenda Odeta kama mtoto wake wa kumzaa. Ila tamaa ikishamkaa mtu kichwani, akili huhama. Jumamosi iliyofuata Odeta aliposhuka shambani na jembe lake, alikuta makaburi matatu yamejipanga kama madawati. Baba yake mdogo alikuwa ameketi pembeni anajifuta jasho.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mama. Njoo uwasalimie babu zako."

"Babu zangu gani?"

"Walikufa zamani sana. Wewe hukuwakuta."

"Wanaitwa nani?"

Malimi akakuna kichwa. "Majina ya marehemu hayaulizwi ovyo ovyo, mwanangu. Akija yule mama wa halmashauri, wewe sema ni babu zako, basi."

Odeta hakuwa anamsikiliza tena. Alikuwa anatazama kaburi la mama yake. Lilikuwa limepungua. Malimi alikuwa amekosa mawe, akayachota pale pale, akayagawa mara tatu ili makaburi yafanane. Odeta alikasirika, akachukua jembe lake na kuondoka bila kuaga.

Jioni alimweleza baba yake. Mashimba aliusukuma ugali kando.

"Nimeyaona," alisema. "Lakini Malimi ni ndugu yangu, tumenyonya ziwa moja. Nikimwumbua mbele ya watu, kesho nitamtazamaje? Nyamaza tu, mwanangu. Litapita."

Halikupita. Siku ya uthamini Bi Teodora alifika na Mzee Nestory, mwenyekiti wa kitongoji, na nyuma yao majirani kadhaa, maana siku kama hiyo nani atabaki nyumbani? Walihesabu migomba na miembe bila tatizo. Kisha wakafika kwenye makaburi. Bi Teodora aliinama, akageuza jiwe moja. Chini yake kulikuwa na udongo mbichi.

"Huyu ni nani?"

"Babu yetu," Malimi akajibu haraka.

"Jina lake?"

"Babu... babu Kulwa."

"Na huyu?"

"Doto."

Mtu mmoja nyuma akaguna, "Kumbe mapacha!" na wengine wakaficha vicheko. Bi Teodora hakucheka.

"Leo asubuhi kule bondeni nimeonyeshwa makaburi ya uongo kama haya," alisema. "Sasa nimechoka. Mawe yote haya yamepangwa wiki hii, na yote matatu yanafanana. Mzee Nestory, nayafuta yote. Mtambo ukija utachimba hapa kama kwingine."

Odeta alimtazama baba yake. Mashimba alitazama chini. Odeta akamtazama baba yake mdogo. Malimi naye alitazama ziwani, kana kwamba kuna kitu cha maana kule. Hapo Odeta akaelewa kwamba asiposema yeye, hakuna atakayesema. Akapiga moyo konde, akasogea mbele.

"Mawili ni ya uongo," alisema. "Moja ni la mama yangu. Hili la katikati."

"Odeta," Malimi akanong'ona.

"Ni mama yangu, baba mdogo. Sitanyamaza."

Bi Teodora alimtazama kwa upole, lakini hakulegea. "Binti, nasikitika. Familia yenu imeshanidanganya mara mbili hapa hapa. La tatu nitaliaminije? Kwa neno la mtoto?"

"Nipe muda kidogo, nilete waliomzika."

"Nenda. Nikimaliza shamba la jirani nitarudi. Nikikuta huna shahidi, nimefunga."

Odeta alipanda mlima mbio, mbio zile za mtu anayekimbizwa na mvua. Alimkuta jirani yao Mama Rose anatwanga, naye akauacha mchi chini. Alimkuta Apiyo, mama yake Sharon, anaanika dagaa. Apiyo akajifunga khanga vizuri na kusema, "Dorcas nilimvalisha mimi mwenyewe. Twende." Walishuka wote, na Sharon nyuma yao.

Bi Teodora aliporudi, akina mama walikuwa wamesimama tayari. Walithibitisha kwamba Dorcas alizikwa katika shamba lile. Walitaja mwaka na wachungaji waliosali. Kisha Bi Teodora akauliza swali moja tu: "Ni lipi?"

Akina mama wakatazamana. Wakalizunguka rundo la kwanza, wakaenda la pili, wakarudi. Mawe yalikuwa yamehama, vigingi vimeingia, na mahindi ya mwaka ule hayakuwepo tena.

"Lilikuwa kubwa," Apiyo alisema taratibu. "Haya yote ni madogo. Siwezi kuapa."

Odeta aliona machozi yanakuja, akayameza. Alimwendea Malimi, akasimama mbele yake kabisa.

"Baba mdogo, wewe unajua uliyoyatengeneza. Mimi nikionyesha, mimi ni mtoto. Wewe ukionyesha, wataamini."

"Unataka nijiaibishe mbele ya kitongoji kizima?"

"Wewe utaaibika leo. Mama atachimbwa na mtambo."

Malimi alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza maneno yake ya kumtoa nyoka pangoni hayakutoka. Alimtazama kaka yake. Mashimba ndipo alipoinua uso.

"Anasema kweli, Malimi," alisema. "Nami nimekosa. Niliona, nikanyamaza. Njoo, nikusaidie."

Ndugu wale wawili wakapiga magoti kwenye rundo la kwanza, wakaondoa mawe na kufukua udongo kwa mikono. Chini ya udongo vikatokea vishina vya mabua ya mahindi ya msimu uliopita, bado vimeshika mizizi kwenye mistari yake. Hakuna kaburi linalochimbwa bila kung'oa bua. Wakaenda rundo la tatu, mambo yakawa yale yale. Kisha Malimi akabeba mawe yale, akayarudisha kaburi la katikati, akaweka moja baada ya jingine bila kusema neno. Rundo likainuka, likapanuka, mpaka Apiyo akajishika kifua.

"Hilo ndilo. Hilo ndilo la Dorcas," alisema.

Bi Teodora akamgeukia mwenyekiti. "Kaburi moja, Mzee Nestory. Tuliandike." Kisha akamwambia Malimi, "Ungeweza kushtakiwa, unajua? Mshukuru huyu mtoto."

"Njia ya mwongo ni fupi," Mzee Nestory alisema, "na wewe, Malimi, yako ilikuwa fupi kuliko zote. Ardhi ikichukuliwa kwa faida ya watu wote, sheria inamlinda mwenye haki. Lakini haki husimama juu ya ushahidi. Ukichanganya uongo na kweli, unaiua na ile kweli yako."

Dorcas alihamishwa siku ya Jumatano, ndugu wakiwepo na mchungaji akiwepo, mpaka shamba la juu, nje ya mkuza. Halmashauri ilileta gari la kubebea mawe. Malimi akalikataa. Aliyapandisha mlimani begani kwake, safari baada ya safari, na watoto waliomtania njiani wakimwita mjukuu wa Kulwa na Doto hakuwajibu.

Watu walipotawanyika, Odeta alibaki na baba yake kando ya kaburi jipya. Mashimba alikaa chini, akamvuta karibu.

"Nilikwambia unyamaze," alisema. "Nilidhani nalinda undugu. Kusema kweli hakuvunji undugu, mwanangu. Jambo lile lingenyamaziwa, sote tungepata maji safi nyumbani, na kila tukiyanywa tungejua yamepita juu ya mama yako."