Kanda ya "Zunguka Nami"

Kabati lilikuwa wazi. Katikati ya kanda zilizopangwa kwa tarehe palikuwa na pengo la upana wa vidole viwili.

"Hiyo moja tu?" aliuliza Inspekta Yolande Banza.

"Hiyo moja tu," alijibu Geert, mwenye studio, kwa Kifaransa chenye lafudhi ya Ghent. "Wameacha kompyuta. Wameacha maikrofoni. Wamechukua sauti ya Chloé."

Ilikuwa asubuhi ya Jumanne, Juni 2003, katika chumba cha chini ya ardhi nyuma ya uwanja wa Flagey. Ukutani ilining'inia picha ya Chloé, mwimbaji mwenye misuko mirefu, akicheka. Kando yake, bango jipya: Zunguka Nami, toleo jipya, Jumamosi hii.

Yolande aliujua wimbo huo. Nani Brussels hakuujua? Ulipotoka kiangazi kilichopita, magazeti yaliucheka. Mwandishi mmoja alisema ni muziki wa kusindikizia magari ya kugongana kwenye maonyesho. Basi magari ya kugongana ya maonyesho ya Midi hayakupiga kitu kingine hadi Septemba. Watoto wa Uccle, mtaa wa matajiri, waliimba kiitikio cha Kiswahili bila kujua maana yake. Kwenye harusi za Wakongo wa Katanga ulipigwa mara mbili, bibi harusi akiingia na akitoka.

Kisha, Januari, Chloé akaugua homa ya uti wa mgongo. Siku tatu hospitalini, basi, akafariki.

"Nakala hakuna?" aliuliza Yolande.

"Kompyuta ya zamani iliyokuwa na nakala ilikufa. Kanda hiyo ndiyo pekee yenye sauti yake tupu, bila ngoma. Bila hiyo, Jumamosi hakuna uzinduzi."

Mlango haukuvunjwa wala kufuli kuguswa. Kadiri, mtaalamu wa alama za vidole, Mrundi mpole wa Bujumbura, aliinuka kutoka sakafuni akiwa na kibano.

"Dada Yolande, tazama. Kilinasa kwenye bawaba ya kabati."

Kilikuwa kipande cha kitambaa cheusi, kifupi kama kidole gumba. Upande mmoja kimekatwa kwa mkasi, upande wa pili kimechanika.

"Mwizi gani huyu?" alisema Kadiri. "Alikuja na suti ya harusi?"

Yolande hakucheka. Alizitazama ncha zake mbili, kisha akasema, "Kifunge. Kielelezo namba tatu."

*

Dady, aliyekuwa akifoka mistari ya kiume katika wimbo huo, alifika kituoni akiwa amevaa miwani ya jua ndani ya nyumba.

"Jana usiku ulikuwa wapi?"

"Kwa tantine yangu, dada ya baba. Alikuwa anasuka nywele ya bamama trois, uliza wote. Inspecteur, mi niibe kanda ya nini? Sauti yangu iko pale bado! Mi nasema tu 'Zunguka! Zunguka!' mara quatorze. Hata kasuku anaweza."

"Nani ana ufunguo wa studio?"

"Geert. Mi." Alivua miwani. "Na Chloé."

"Ufunguo wa Chloé ulirudishwa?"

Dady alimtazama kama mtu aliyeulizwa swali la aibu.

"Bon, inspecteur. Weye ungeweza? Uingie kwenye kilio, bantu wanalia, useme 'pardon, maman, naomba ufunguo'?"

Yolande akafunga daftari. La, asingeweza. Hakuna Mkongo ambaye angeweza, na Geert hakukumbuka.

*

Papa Polycarpe, baba yake Chloé, alikuwa mlinzi wa mapokezi katika jengo la ofisi karibu na kituo cha Schuman. Yolande alimkuta nyuma ya meza ndefu ya mawe, kofia imenyooka, viatu vinang'aa.

"Jambo, papa."

"Jambo, mama. Unatafuta nani?"

"Ninakutafuta wewe. Mimi ni Inspekta Banza."

"Banza." Mzee akatabasamu. "Banza ya wapi?"

"Ya Katanga, papa. Likasi."

"Ah! Donc tuko nyumbani."

Macho ya Yolande yalikuwa kifuani mwa mzee. Chini ya kitambulisho cha kazi palikuwa na utepe mweusi umebanwa kwa pini. Ncha yake ya chini ilikuwa imechanika. Yeye mwenyewe aliwahi kuvaa utepe kama huo mwaka mzima alipofiwa na mama yake, na shangazi zake walimkataza ngoma hadi matanga yaanuliwe.

Akaweka mfuko wa kielelezo juu ya meza. Mzee alikitazama kipande, akatazama kifua chake.

"Ni pale kilibakia?" alisema taratibu. "Nilitafuta kila fasi. Nilizania kilianguka kwenye métro."

"Papa, una haki ya kunyamaza."

"Juu ya nini? Sijawahi kuficha kitu maisha yangu. Sijui hata namna ya kuficha."

"Kanda iko wapi?"

"Nyumbani. Ndani ya kitenge ya Chloé."

"Umeisikiliza?"

"Na nini? Sina mashine yake."

Yolande akafungua daftari. "Kwa nini, papa?"

"Weye ni mutoto wa Likasi. Unajua."

"Hata nikijua, lazima useme mwenyewe. Ninaandika."

Mzee akavua kofia, akaiweka kando ya simu.

"Mutoto wangu alikufa le dix-neuf janvier, tarehe kumi na tisa. Bado mwaka. Mama yake analala chini mpaka leo. Sasa hii Jumamosi bantu wataruka-ruka juu ya sauti yake, bière mukononi? Nilimupigia patron wa studio simu mara deux. Nilisema, ngoja matanga iishe, kisha mucheze hata juma nzima. Akaniambia, 'Papa, tutafanya hommage, tutamukumbuka. Une minute ya kunyamaza.'" Akatikisa kichwa. "Une minute."

"Uliuchukia wimbo?"

"Mwanzo, ndiyo. Pasteur alisema ni muziki ya shetani. Kisha siku moja, hapa hapa, maman mumoja wa Portugal anapiga deki, anaimba 'zunguka nami'. Nikamuuliza, unajua ni nani anaimba? Ni mutoto wangu! Akaacha ndoo, akanikumbatia na mapovu yote." Macho yake yakalowa. "Siku ile nilisimama kwa huu mulango kama ministre. Alors, nitauchukiaje? Nilitaka ungoje tu."

Yolande aliandika hadi neno la mwisho. Kisha akasema, "Mwite mwenzako akupokee zamu, papa. Nitakusubiri." Hakutoa pingu.

*

Jioni hiyo kanda ilikuwa kituoni, imefungwa katika kitenge cha manjano. Geert alisomewa maelezo ya mzee.

"Kweli alinipigia," alisema. "Nilidhani ni huzuni tu. Sikujua kwamba huzuni yenyewe ina tarehe."

Akafuta malalamiko. Jalada lilikwenda kwa mwendesha mashtaka, naye akalifunga. Uzinduzi ukaahirishwa, na Geert akamwalika mzee studio. Siku hiyo Papa Polycarpe alisikia sauti ya mwanawe ikiwa peke yake, bila ngoma, bangili zake zikigongana kati ya beti.

*

Jumamosi ya kwanza baada ya tarehe kumi na tisa Januari 2004, mwaka wa matanga ulipotimia, ukumbi mmoja wa Ixelles ulijaa watu. Shangazi wa marehemu alipita na beseni, kila mfiwa akafungua pini na kutumbukiza utepe wake. Papa Polycarpe alifungua wake uliochanika.

Yolande alimsogelea, akatoa bahasha. Alikuwa amesaini karatasi nne ili akitoe kile kipande, kielelezo namba tatu.

"Papa," alisema, "matanga hayaanuliwi nusu."

Mzee alikipokea kwa mikono miwili. Akakishikiza kwenye ncha iliyochanika, na nyuzi zikakutana. Kisha akaviangusha vyote viwili ndani ya beseni.

Kwenye mitambo, Dady alikuwa ameinua mkono, akimsubiri. Papa Polycarpe akanyoosha shati lake jeupe, akatembea hadi katikati ya ukumbi, mahali patupu pa kuchezea, akamwashiria kwa kichwa.

Sauti ya Chloé ikaanza, ngoma zikafuata. Mzee akazunguka.