Kandambili ya Bluu

Haya yalimkuta jirani yetu wa Kabeza, Niyonzima, Jumamosi moja ya jua zuri. Alikuwa amemwoa Leila, mjane wa Usumani, akahamia nyumbani kwake. Marehemu alikuwa kila mahali: rafu alizigongomea yeye, mlango aliutundika yeye, hata bomba la jikoni alilifunga yeye. Na bomba lile lilikuwa linavuja. Leila kila akipita alilikingia kiganja, akatabasamu.

Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda, na Niyonzima alikuwa ameshakonda. Kumwonea wivu mtu aliye kaburini!

"Leo natengeneza hii robine," alisema.

"Acha tu, iko sawa," Leila akamjibu. "Usumani alikuwa anaitengeneza yeye mwenyewe."

Hapo ndipo alipomtia moto. Niyonzima akafunga koki ya mita, akafungua bomba kwa spana. Kiraba cha ndani, kile cha kuzuia maji, hakikuwa cha dukani. Marehemu alikikata kwenye kandambili ya bluu, kama wafanyavyo wengi. Kilikuwa na joto, kana kwamba kimetoka mguuni sasa hivi.

Akakitupa kwenye makaa ya jiko. Akachukua kandambili yake nyekundu, akakata kiraba kingine kisiginoni, akakitia, akakaza. Alipofungulia koki halikudondoka hata tone. Akacheka peke yake: sasa nyumba hii ina mume mmoja.

Walipokuwa wanakula, wakasikia hatua uani. Kandambili iliyolowa. Chwa. Chwa. Zikakoma kwenye dirisha la jikoni.

Leila akauweka vizuri mtandio wake.

"Ni nani iko inje?" Niyonzima akanong'ona.

"Kula," Leila akanong'ona. "Amekuja kuangalia kazi." Akatabasamu lile tabasamu.

Bomba likaanza. To. To.

Niyonzima akakimbilia jikoni. Hapakuwa na mtu. Akafunga koki, akafungua bomba. Ndani mlikuwa na kiraba cha bluu. Kizima. Kina joto.

"Changu kiko wapi?"

Leila alikuwa amesimama mlangoni, anatazama chini. Pale Niyonzima alipoacha kandambili zake palikuwa na jozi ya bluu, imelowa, moja ina tundu kisiginoni.

Zake alizikuta nje ya geti, zimepangwa vizuri, zimeelekezwa barabarani. Akaiokota ile aliyoikata, akaipapasa kisigino. Hapakuwa na tundu, wala alama ya kisu.